Funguo za Duka la Jirani

Kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo Msoga wa Jinja na Mgisu wa Mbale hawahitaji kutafsiriwa. La kwanza ni magendo. La pili ni mafuta mingi. Hilo la pili hata sarufi yake imepinda, maana mtu wa pwani angesema mafuta mengi, lakini hivyo ndivyo lilivyotamkwa Uganda na hivyo ndivyo lilivyobaki. Mafuta mingi alikuwa mtu aliyelala hana kitu akaamka ana duka. Magendo ilikuwa kazi iliyosalia baada ya kazi nyingine zote kufa. Mimi ni mtu wa lugha hii, na huniuma sana kwamba majirani zetu walipotafuta majina ya kuoza kwa nchi yao katika miaka ya 1970, waliyapata kwetu.

Habari za Uganda ya wakati ule husimuliwa kama habari za mtu mmoja katili. Idi Amin alikuwa katili, hilo halina mjadala. Lakini ukisimulia hivyo tu, unamruka mtu wa kawaida wa Jinja na wa Mbale, yule aliyekwenda kanisani Jumapili au msikitini Ijumaa, ambaye siku moja alipewa funguo za duka la jirani yake, akazipokea. Mimi ninamtafuta huyo.

Tuanze na Mbale. Mji ule ulijengwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuwa malaika. Aliiteka nchi kwa bunduki na kuwagawia wafuasi wake ardhi yenye wenyewe. Waingereza walipomwona anajifanya mfalme wakampunguzia mamlaka, wakampeleka Jinja kuongoza baraza la Busoga kuanzia 1906 hadi 1913. Akarudi Mbale amevunjika moyo, na huko ndiko mambo yalikogeuka. Mzee yule aliyekuwa akihesabu bunduki akaanza kuhesabu amri. Aliichukua Torati kama mtu anavyochukua hati ya shamba: kilichoandikwa kimeandikwa, na kama Mungu hakukifuta, mwanadamu hana kalamu ya kukifuta. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, wakashika Sabato ya Jumamosi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi. Kakungulu alifariki 1928, lakini kundi lake halikufa. Kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, wapo mpaka leo. Tutarudi kwao.

Jinja ni mji wa namna nyingine, mji wa maji na mashine. Hapo ndipo Nile inapotoka ziwani. Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari Kakira mwaka 1930. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alikuja kufungua bwawa la umeme la Owen Falls, na kwa umeme ule viwanda vikafuata, kikiwemo cha nguo cha Nytil. Katika barabara kuu ya mji, maduka yalijipanga ukuta kwa ukuta, kila moja na baraza yake, na juu kwenye paji la jengo jina la familia na mwaka wa kujengwa. Ndani kulikuwa na majora ya vitambaa, baiskeli, misumari, mafuta ya taa. Barazani alikaa fundi cherehani Mwafrika. Mwenye duka alikaa ndani. Mpangilio huo, mmoja ndani na mwingine barazani, haukuanguka kutoka mbinguni. Uliwekwa na serikali ya kikoloni, iliyowafungulia Wahindi biashara ya pamba na kuwabania wenyeji.

Hapa kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi, kwa sababu ukilificha historia yote inakuwa uongo. Mkulima wa pamba wa Busoga, au wa kahawa wa Bugisu, alibeba mzigo wake kichwani mpaka kwa mnunuzi. Uzito wake aliujua kwa shingo. Ulipowekwa kwenye mizani, mara nyingi mizani ilisema kingine. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa nchi nzima, na hasira ya bei na ya ununuzi wa mazao ilikuwa sehemu ya ghasia za Buganda za 1945 na 1949. Torati inakataza mawe mawili ya kupimia, moja la kununulia na moja la kuuzia. Qurani ina sura nzima inayobeba jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin. Kwa hiyo sheria ya Mungu ilikuwa ikivunjwa Jinja na Mbale kabla Amin hajajulikana, na baadhi ya waliokuja kuibiwa walikuwa wameiba kwanza, nusu ratili baada ya nusu ratili.

Lakini tazama walichofanya Wagisu. Mwaka 1954 walianzisha chama kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, wakawa na mizani yao, maghala yao na makarani wao. Dawa ya mizani ya uongo iliyofundishwa na vitabu vyote viwili ni mizani ya kweli, na watu wa Mbale waliijua. Miaka 18 baadaye walipewa dawa nyingine.

Njia ya dawa hiyo ilipita kambini Jinja. Tarehe 23 Januari 1964 wanajeshi wa kambi ile waliasi wakidai mshahara. Walimshika Waziri Felix Onama, na wakapandishiwa mshahara. Baadhi walifukuzwa, ndiyo, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka: kwamba bunduki ikielekezwa panapostahili, fedha hutoka. Idi Amin alikuwa afisa katika jeshi lile, akapanda cheo juu ya cheo. Alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, kambi ileile ya Jinja ikawa machinjio. Katikati ya mwaka huo wanajeshi wa Kiacholi na Kilango waliuawa humo na wenzao waliokuwa wakila nao sahani moja. Mji ulisikia. Mji ulinyamaza, na ni vigumu kuulaumu.

Siku ninayoiona kuwa ndiyo mlango ni tarehe 4 Agosti 1972. Amin alikuwa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, kati ya barabara ya Jinja na ile ya Mbale, akihutubia wanajeshi. Hapo akatangaza kwamba Waasia lazima waondoke nchini, akawapa siku 90. Akaeleza kwamba Mungu ndiye aliyemwambia katika ndoto.

Nasimama hapo kwa makusudi. Mfalme Ahabu alipolitamani shamba la mizabibu la Nabothi, Yezebeli alilazimika kutafuta mashahidi wa uongo ili Nabothi ahukumiwe kwa kumtukana Mungu. Hata waovu wale waliona haja ya mahakama. Tororo hapakuhitajika shahidi wala hakimu, kwa kuwa aliyekataza wizi pale Sinai alitajwa sasa kuwa ndiye aliyeuagiza. Watu walimpigia Amin makofi. Aliita jambo lile Vita vya Uchumi, na katika vita mali ya adui huitwa nyara.

Zaidi ya watu 50,000 waliondoka. Wengine walikuwa wamezaliwa Jinja, na maiti za mababu zao zimechomewa Jinja. Waliopanda treni kwenda Mombasa walisimamishwa njiani na askari, mabegi yakamwagwa, bangili zikavuliwa mikononi mwa wanawake. Manubhai Madhvani wa Kakira alitupwa gerezani Makindye kabla ya kuondoka. Hata sheria ya wanadamu haikungoja siku 90 ziishe. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa ameamuru mtu aliyezuiliwa bila sababu aachiwe, alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu mchana kweupe, asionekane tena.

Kisha yakaja mafungu. Zaidi ya biashara na mashamba 5,000 yaligawiwa. Kamati zilizojaa wanajeshi zilipita barabarani duka kwa duka, na watu wakajipanga nje wakingoja kuonyeshwa kidole: hili lako. Neno lililotumika ni kugawiwa, neno safi, neno la sadaka na la urithi. Hakuna aliyesema kuiba. Kuna kisa kinachosimuliwa Uganda hadi leo cha mwanajeshi aliyegawiwa duka la nguo. Mteja akauliza bei ya shati. Mwenye duka mpya akalikunjua, akatazama ndani ya ukosi, akaona namba 15, akasema shilingi 15. La namba 16 akaliuza 16. Alipomaliza mashati alifunga mlango, maana hakujua mashati mengine hutoka wapi. Watu hucheka wakikisimulia. Mimi huwaza yule mteja. Alijua bei halisi, alijua duka lilikuwa la nani, akalipa 15 akaondoka na mfuko wake. Ndivyo mji mzima ulivyoshiriki: mmoja kwa kupokea funguo, mwingine kwa kununua kwa bei ya ukosi, mwingine kwa kuhamia chumba cha juu kwenye kitanda ambacho bado kilikuwa na shuka.

Walikuwapo waliokataa. Katika Waanglikana wa Uganda kulikuwa na Balokole, watu wa uamsho, waliozoea kuungama hadharani na kurudisha walichoiba, hata kama ni sindano au kuku. Kwa watu wa namna hiyo kuingia nyumba ya mtu aliyefukuzwa lilikuwa jambo zito. Lakini hawakuwa wao waliosikika. Waliosikika ni mafuta mingi, wenye magari na sherehe zisizokwisha.

Damu haikukawia. Tarehe 10 Februari 1973 serikali iliwapiga watu risasi hadharani katika miji kadhaa ya Uganda, na Mbale ulikuwa mmojawapo. Umati uliletwa kutazama, watoto wakiwemo. Mji ambao wazee wake hujivunia kwamba ulikuwa msafi kuliko yote Uganda ulisimama kwenye jua ukitazama mtu akifungwa mtini. Jinja kulikuwa na ushuhuda mwingine, na huo uliletwa na maji. Henry Kyemba, mwana wa Busoga aliyekuwa Waziri wa Afya wa Amin kabla ya kukimbia mwaka 1977, aliandika katika kitabu chake, A State of Blood, kwamba miili iliyotupwa mtoni ilikusanyika Owen Falls, na kwamba palikuwa na mwenye mashua ambaye kazi yake ilikuwa kuitoa majini. Bwawa lilelile la mwaka 1954. Umeme wa kuwashia taa za maduka yaliyogawiwa ulipita katika maji hayo.

Mwaka 1975 Amin alitoa amri ya makosa ya uchumi: anayelangua, anayeficha bidhaa, anayevusha mali kwa magendo anaweza kuuawa. Fikiri jambo hili. Serikali iliyogawa mali ya watu zaidi ya 50,000 ilikuwa tayari kumuua mama wa Jinja kwa kuficha sukari chini ya kitanda. Na sukari yenyewe ilikwenda wapi? Kakira iko umbali mfupi tu kutoka mjini. Mashine ziliharibika zikakosa vipuri, miwa ikaingiliwa na magugu, na nchi iliyokuwa ikitengeneza zaidi ya tani 100,000 za sukari kwa mwaka ikafika mahali ambapo kijiko cha sukari kwenye chai ya mgeni kilikuwa heshima kubwa. Waliogawiwa waliuza kilichokuwa rafuni. Walipomaliza rafu, wakauza rafu.

Wakati huo Mbale ilipata balaa lililokuja na sura ya baraka. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, na hadi 1977 bei ya kahawa duniani ikapanda kwa namna ambayo wakulima hawakuwahi kuona. Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, umefunikwa na kahawa ya arabika, tena nzuri. Lakini mkulima wa Bugisu alipoipeleka kahawa yake kwa njia halali alipata karatasi ya ahadi, na hata alipolipwa, shilingi ya Uganda haikununua sabuni. Upande wa pili wa mlima, Kenya, palikuwa na soko la Chepkube, na hapo alilipwa fedha taslimu.

Basi milima ikawa na barabara za usiku. Gunia lilifungwa kwa gome la mgomba lisichakarike, likabebwa kichwani au juu ya punda, watu wakitembea mmoja nyuma ya mwingine bila taa, mguu ukipapasa njia ya matope. Anayekohoa aliziba mdomo kwa nguo. Kwenye kivuko askari alikuwapo, na askari alikuwa na bei. Alfajiri walirudi na chumvi, sabuni, blanketi, mafuta ya kupikia, na sukari ambayo jirani wa Kakira alipaswa kuwa anawauzia wao.

Siwezi kumrushia jiwe mkulima huyo. Mwenye kuibiwa na serikali yake akiamua kuuza mali ya jasho lake kwa anayelipa, sioni amri anayoivunja. Lakini naona kilichomfuata. Mwalimu aliona kwamba usiku mmoja wa magendo unazidi mshahara wa mwezi, akaacha darasa. Kijana aliona mwalimu ameondoka, akamfuata njiani. Askari aliyetumwa kukamata akawa mshirika, kisha akawa mnyang'anyi wa mshirika wake. Karani wa ushirika, yule wa mizani ya mwaka 1954, akajifunza kuandika kilo pungufu ili zilizobaki zipande mlima. Mizani ya uongo ilirejea Bugisu, na safari hii aliyeishika alikuwa mtoto wa nyumbani.

Na walioshika sheria? Kwao serikali ilikuwa na muda. Amin aliwapiga marufuku Abayudaya. Sinagogi zikafungwa, na familia nyingi zikaacha imani kwa hofu, hata wakabaki mia chache tu. Wale waliobaki pale Nabugoye na vijiji vya jirani waliiweka Sabato kwa kuwa kimya: hawakwenda shambani, hawakuwasha moto, wakasali kwa sauti ya chini milango ikiwa imefungwa. Mtu alikuwa salama Mbale akiwa na duka la mwenzake, na alikuwa hatarini akiwa na Torati. Sijui kipimo kingine kinachoonyesha zaidi mji ulikuwa umefika wapi.

Wakristo walikuwa na zamu yao. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulaani mauaji. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Hakuna aliyeamini, Kampala wala Jinja. Mwaka huohuo madhehebu 27 yalipigwa marufuku. Waislamu hawakusalimika kwa kuwa dini yao ndiyo ya rais. Mwislamu aliyesema kweli alikamatwa akatiwa kwenye buti la gari sawa na mwingine yeyote.

Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nalo tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi, usiku wa kukumbuka kutoka Misri, na Abayudaya husimulia jambo hilo hadi leo kwa namna ambayo hawahitaji kulifafanua. Siku nne baadaye ilikuwa Pasaka ya Wakristo. Kabla Aprili haijaisha askari wa Tanzania walikuwa wamevuka bwawa na kuingia Jinja, kisha wakaelekea mashariki.

Watu walishangilia, wakacheza barabarani, wakawapa askari ndizi. Kisha wakageukia maduka. Waliogawiwa 1972 walikuwa wamekimbia, na milango ilivunjwa kwa mara ya pili, safari hii bila kamati. Mtu alibeba mlango wenyewe. Mwingine alibeba sinki la choo. Aliyekuwa na miaka saba wakati wa hotuba ya Tororo sasa alikuwa na miaka 14, na katika umri wake wote wa akili hakuwahi kuona mali ikipatikana kwa njia nyingine. Miaka iliyofuata ikaleta msamiati mpya, nao pia kwa Kiswahili: panda gari, amri ya askari wa miaka ya 1980 kwa watu waliozolewa mitaani na kupelekwa kusikojulikana.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa. Akina Madhvani walirudi Kakira mwaka 1985, wakakuta pori, wakaanza kung'oa miti iliyoota kati ya miwa. Huko Nabugoye waliobaki walianza kukusanyana tena Jumamosi kwa Jumamosi, wakifungua milango. Lakini katika barabara kuu ya Jinja urejeshaji ulichukua muda mrefu zaidi, hadi miaka ya 1990. Mgeni mwenye mvi alishuka kwenye teksi akiwa na bahasha, akasimama kinyume na jengo, akainua macho kusoma jina la baba yake juu ya paji, rangi ikiwa imebanduka. Ndani, mtoto aliyezaliwa chumba cha nyuma mwaka 1973 alikuwa sasa mtu mzima mwenye watoto wake. Nyumba nyingine hakuijua. Akatoka barazani akafuta mikono, akamsalimu mzee, akamuuliza alikuwa akitafuta nini.